Si lazima uguse vidole vya miguu ndipo uanze yoga

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp mwaka nenda mwaka rudi: kama ukiinama hugusi vidole vya miguu, yoga haikufai, utaumia mgongo. Si kweli, na unawakatisha tamaa watu ambao mazoezi haya yangewafaa sana.

Wepesi wa viungo huja kwa mazoezi, si sharti la kuyaanza. Mwenye mwili mkavu hukunja magoti kidogo anapoinama, au huketi juu ya mto. Mkono usipofika, anapitisha kanga kwenye unyayo na kuvuta ncha zake taratibu, huku akivuta pumzi bila haraka. Yapo hata madarasa yanayofanyika mtu akiwa kwenye kiti, na hiyo pia ni yoga.

Ukitaka kuhakikisha, muulize mwalimu kabla hujalipa: lipo darasa la wanaoanza? Mwenye goti bovu unampa mkao gani? Mwalimu mzuri atakuuliza habari za afya yako hata kabla yako.

Kinachochanganya ni picha. Anayepigwa picha ni yule aliyejikunja kama kamba baada ya miaka ya mazoezi. Tena ujumbe una chembe ya ukweli: kuulazimisha mwili huumiza. Mjamzito, mwenye presha au aliyefanyiwa upasuaji karibuni aongee na daktari kwanza.

Ukiupokea ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Huenda kwenye kundi yumo mama aliyepanga kwenda darasa lake la kwanza Jumamosi.