Waya wa nondo na moyo wa ng'ombe

Ng'ombe humeza kwanza, kutafuna baadaye. Mbuzi huchagua jani kwa midomo. Ng'ombe anazoa kwa ulimi chochote kilichomo kwenye majani, akipumzika ndipo anacheua. Hapa Dodoma, tangu serikali ianze kuhamia mwaka 2016, ujenzi hauishi. Nikipita Ihumwa au Nala naona ng'ombe wanachungwa pembeni ya misingi ya nyumba, penye misumari na vipande vya waya wa kufungia nondo.

Waya ni mzito, hivyo huzama kwenye tumbo la pili, lile lenye vijumba kama masega ya nyuki. Tumbo hilo liko mbele kabisa. Kati yake na moyo kuna kiwambo tu, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo, na sentimita chache. Kila linapojikunja, na hujikunja kama mara moja kwa dakika, linausukuma waya. Mimba kubwa na uchungu wa kuzaa huongeza msukumo. Ukitoboa na kuvuka kiwambo, waya unafika kwenye mfuko unaouzunguka moyo, pamoja na bakteria wa tumboni. Mfuko unajaa usaha.

Moyo wa ng'ombe una vyumba vinne, kama wetu. Upande wa kulia hupokea damu iliyotoka mwilini na kuipeleka kwenye mapafu. Wa kushoto huipokea ikiwa na oksijeni na kuisukuma mwili mzima. Nenda buchani, nunua moyo mzima, ukate kwa upana. Ukuta wa kushoto utaukuta mnene karibu mara tatu ya wa kulia, maana huu wa kushoto unasukuma damu hadi kwato na ncha ya mkia, wakati mwenzake anaishia mapafuni hapo jirani. Kisu kikigonga kitu kigumu pale mshipa mkuu unapoanzia, usimlaumu muuza nyama: ng'ombe ana mfupa moyoni, unaoshikilia eneo la vali.

Usaha ukibana, ukuta mwembamba ndio unaoshindwa kwanza. Upande wa kulia hautanuki vizuri, damu inayorudi inakosa pa kuingia, inarundikana nyuma. Ndiyo maana ugonjwa wa moyo unauona shingoni: mshipa unatuna, kidari kinavimba, ukikibonyeza alama ya kidole inabaki. Wapo wanaoniambia ng'ombe kaumwa na nyoka!

Mtazame akiwa ameweka kichwa usawa wa mgongo, kwa sababu akiinama mshipa hujaa hata akiwa mzima. Mdundo kidogo sehemu ya chini ya shingo si tatizo. Ukipanda hadi karibu na taya, nashtuka. Ng'ombe mkubwa aliyetulia moyo hupiga kama mara 60 hadi 80 kwa dakika. Huyu hupita 100, na nikisikiliza nyuma ya kiwiko cha kushoto, mapigo yako mbali, yamechanganyika na mlio wa maji yanayotikisika. Anasimama viwiko vimetanuka, mteremko hautaki kabisa.

Akifika hapo, dawa za sindano mara chache humwokoa, nami sipendi kumuuzia mfugaji matumaini. Ninachokipenda ni sumaku. Humezeshwa mara moja ng'ombe akiwa mzima, hutulia kwenye tumbo hilohilo miaka yote na kunasa chuma kabla hakijatoboa. Waya wa shaba na wa alumini, huo haiushiki.