Mwanafunzi wa udaktari anayetaka kufanya utafiti aanzie wapi?

"Shikamoo Daktari. Nataka kufanya utafiti, ila sijui nianzie wapi."

Hodi ya namna hii hubishwa mlangoni kwangu kila mwaka. Mara nyingi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu, ameandaa na barua ya maombi yenye sifa zake zote tangu kidato cha nne. Barua naiweka pembeni kwanza. Namuuliza: juma hili, wodini au maabara, umeona nini ambacho hukukielewa?

Wengi hunyamaza, kwa sababu walitegemea niulize alama zao za mtihani. Lakini swali hilo ndilo mlango wenyewe. Mhadhiri hatafuti mwanafunzi aliyemaliza vitabu vyote. Anatafuta aliyeona jambo, likamkera, akawa tayari kukaa nalo miezi kadhaa bila kulichoka.

Nieleze kidogo tunachokizungumzia, maana hata wazazi hunipigia simu kuulizia "nafasi za utafiti" kana kwamba ni ajira zinazotangazwa. Mhadhiri wa shule ya tiba ana kazi tatu: anatibu, anafundisha, na anatafiti. Hiyo ya tatu haionekani na wagonjwa wala na wanafunzi wengi, lakini ndiyo humpandisha daraja chuoni na ndiyo inayomlaza macho usiku. Maana yake ni kwamba mwanafunzi anayebisha hodi haji kuomba hisani. Anaomba kuingia kwenye kazi ambayo tayari inaendelea, na ambayo mara zote ina upungufu wa mikono. Nafasi nyingi hazibandikwi kwenye ubao wa matangazo. Zimo ndani ya mafaili, majokofu na kompyuta za watu wanaokufundisha kila asubuhi.

Mfano mzuri upo Muhimbili. Mafunzo ya udaktari yalianza pale mwaka 1963, na mwaka 2007 chuo kikawa chuo kikuu kamili cha afya na sayansi shirikishi. Mwaka 2004 ulianza mpango wa kuwafuatilia wagonjwa wa selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, ukiongozwa na Profesa Julie Makani. Nchini Tanzania inakadiriwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa na ugonjwa huu kila mwaka. Wagonjwa waliofika kliniki waliandikishwa kwa utaratibu mmoja: umri, kiwango cha himoglobini, homa, maumivu, kulazwa, kuongezewa damu. Wakarudi, wakaandikwa tena, mpaka orodha ikafika maelfu. Takwimu za namna hiyo haziishi maswali, na kila swali ni kazi ambayo mwanafunzi mwenye msimamizi mzuri anaweza kuibeba: kuna watoto ambao himoglobini yao hushuka zaidi msimu wa malaria? Nani hulazwa mara kwa mara na nani hukaa mwaka mzima bila kulazwa, ilhali wote wana ugonjwa ule ule?

Wapo watakaosema hizo ni kazi za mabingwa. Mwaka 1869 huko Berlin, Paul Langerhans alikuwa mwanafunzi wa udaktari mwenye miaka 21 alipotazama kongosho kwa hadubini na kueleza vile vijikundi vya chembe tunavyoviita hadi leo visiwa vya Langerhans. Hakujua vinafanya kazi gani. Ilichukua miongo kadhaa kufahamika kwamba humo ndimo hutoka insulini, homoni inayodhibiti sukari kwenye damu. Mwaka 1916, Jay McLean, mwanafunzi katika chuo cha Johns Hopkins kule Baltimore, alipewa na mwalimu wake William Howell kazi ya kuchunguza vitu vinavyogandisha damu. Akakuta kinyume chake, kitu kinachozuia damu isigande. Kazi ile ndiyo iliyozaa dawa ya heparini, ambayo mgonjwa wa figo anayesafishwa damu leo mara nyingi huipata anapounganishwa na mashine. Hawa wawili walikuwa na walimu wenye maabara, na walikuwa na uaminifu wa kuandika walichokiona hata kama sicho walichotumwa.

Sasa basi, kabla hujabisha hodi, soma alichoandika huyo unayemfuata. PubMed, kanzidata ya makala za tiba mtandaoni, ni bure, na vyuo vyetu vingi hufikia majarida ya kulipia kupitia mpango wa Hinari wa Shirika la Afya Duniani ulioanza mwaka 2002. Soma makala mbili au tatu za karibuni, tena usome mpaka sehemu ya mwisho ambapo waandishi hukiri mapungufu yao. Hapo ndipo maswali yaliyobaki hujificha. Ukija ukaniambia, "Daktari, mlisema hamkuweza kuwafuatilia watoto waliohama kliniki, je, wale walienda wapi?" tutakaa tuzungumze hata kama ni saa ya chakula.

Kazi ya kwanza utakayopewa itakuwa ndogo, pengine ya kuchosha: kuhamisha madodoso kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye kompyuta, au kupitia majalada ya wagonjwa kwenye chumba cha kumbukumbu chenye vumbi. Usiidharau. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo utafiti mwingi unapopona au kufia.

Nikiwa mwanafunzi nilipewa karatasi za utafiti wa malaria niziingize kwenye kompyuta. Penye idadi ya vimelea kwenye damu, karatasi nyingine ziliandikwa sifuri na nyingine zilikuwa wazi. Mimi kwa haraka zangu nikajaza sifuri zile zote zilizo wazi, nikiona napendezesha jedwali. Msimamizi wangu aliposhtukia alinirudisha kwenye karatasi ya kwanza. Hakunigombeza, alinieleza tu. Sifuri maana yake mtoto alipimwa na vimelea havikuonekana. Nafasi wazi maana yake hakupimwa, au slaidi ilivunjika, au mama aliondoka kabla ya kipimo. Ukizichanganya, umewatangazia watu kwamba ugonjwa umepungua wakati haujapungua. Kuna mtu mbele ya safari, pengine wizarani, atakayepanga vyandarua na dawa kwa kufuata namba zako.

Nilirudia zile karatasi zote, moja baada ya nyingine. Tangu siku hiyo, mwanafunzi akiniletea jedwali lisilo na pengo hata moja, huwa sifurahi. Naomba kwanza nione karatasi za asili.

Kabla ya kugusa jalada la mgonjwa au kutoa tone la damu, lazima kiwepo kibali cha maadili. Andiko la utafiti hupelekwa kwenye kamati ya maadili ya chuo. Kwa Tanzania Bara kuna pia kamati ya taifa iliyo chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, taasisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Majaribio ya dawa au chanjo yana kibali chao zaidi kutoka mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na Zanzibar ina utaratibu wake. Watafiti wageni huomba na kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Wanafunzi hulalamika kwamba vibali vinachelewa, na kweli wakati mwingine huchelewa. Anza mapema. Lakini usikione kibali kama mhuri wa kuufukuzia. Ulimwengu ulijifunza kwa maumivu. Huko Tuskegee, Alabama, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, wanaume weusi wenye kaswende walifuatiliwa bila kuelezwa ukweli wa ugonjwa wao, na hawakupewa penisilini hata ilipokuwa imeshajulikana kuwa inaponya. Waliofanya hayo walikuwa madaktari na wauguzi wenye vyeti.

Kwetu, ridhaa ina ugumu wake wa pekee. Mwanafunzi amevaa koti jeupe, mama amekaa kwenye benchi tangu alfajiri na mtoto mwenye homa. Ukimwambia, "Mama, naomba utie sahihi hapa," atatia. Atadhani ndiyo njia ya kumfikia daktari. Hiyo siyo ridhaa. Mwambie waziwazi: huu ni utafiti, siyo sehemu ya matibabu ya mwanao, ukikataa atatibiwa vilevile, na foleni yako haitarudi nyuma, ukikubali leo ukaghairi kesho, hakuna atakayekuuliza sababu. Kisha nyamaza, umpe nafasi ya kuuliza.

Swali litakuwa la damu. Pwani na bara, hofu ya mumiani ni ya zamani, na kijana aliyesoma anaweza kujisikia kuicheka. Asiicheke. Mtu ana haki ya kujua damu yake inakwenda wapi. Mjibu kwa kipimo anachokijua jikoni: mililita tano ni kijiko kimoja cha chai. Mweleze itapimwa nini, itahifadhiwa wapi na kwa muda gani, na kama kuna sehemu itakayosafirishwa nje ya nchi, sema. Sampuli hazivuki mpaka bila makubaliano ya maandishi. Taarifa za mgonjwa nazo zinalindwa kisheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022. Picha ya jalada kwenye simu yako, hata kama umeipiga ili ukamalizie kazi bwenini, ni kosa.

Na wewe msomaji ambaye si mwanafunzi, ukifuatwa kliniki na kijana mwenye dodoso, haki zote hizi ni zako. Omba nakala ya karatasi ya maelezo. Ina namba ya mtafiti na ya kamati ya maadili.

Kuna jambo wanafunzi huliogopa: je, nikikosa nilichokitegemea? Mwaka 1995 ulianza hapa Dar es Salaam utafiti mkubwa wa vitamini kwa wajawazito wenye virusi vya UKIMWI, ukiwaunganisha watafiti wa Muhimbili na wa Harvard. Walishiriki kina mama 1,078. Wakati ule dawa za kufubaza virusi zilikuwa hazijawafikia wagonjwa wetu, na wengi walikuwa na matumaini kwamba vitamini A itapunguza maambukizi kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Vitamini za mchanganyiko zilisaidia: mimba zilizoharibika na watoto waliozaliwa na uzito mdogo walipungua. Vitamini A haikusaidia. Wanawake walipofuatiliwa zaidi, ikaonekana waliopewa vitamini A waliambukiza watoto wao kwa kiwango kikubwa kuliko wale ambao hawakupewa. Matokeo hayo yalichapishwa yote, mazuri na machungu. Bila hayo, huenda kina mama wengi wangepewa vidonge hivyo kwa nia njema kabisa.

Kuhusu jina lako kwenye makala, zungumza mapema, kabla hamjaanza. Kanuni inayofuatwa na majarida makubwa ya tiba humtaka mwandishi awe amechangia kazi yenyewe, ameshiriki kuandika au kuhariri kwa kina, ameidhinisha nakala ya mwisho, na yuko tayari kuwajibika kwa kilichomo. Kuingiza takwimu peke yake hakutoshi, lakini mwanafunzi aliyeingiza, akachambua, akaandika rasimu, asifutwe. Nasema hivi kwa uchungu, maana nimewaona vijana waliovunjika moyo kwa jambo ambalo mazungumzo ya nusu saa yangelizuia. Wahadhiri wenzangu, hili ni letu zaidi kuliko lao. Na mwanafunzi yeyote akiombwa pesa ili apewe "nafasi ya utafiti", au jarida likimwahidi kuchapisha ndani ya siku tatu akilipa, aondoke.

Wala si lazima uwe Dar es Salaam. Kuna hospitali za kufundishia za KCMC pale Moshi na Bugando Mwanza, chuo kikuu Dodoma, vituo vya NIMR mikoani, na Taasisi ya Afya Ifakara ambayo ina kituo Bagamoyo. Chanjo ya malaria ya R21, iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2023, ilijaribiwa Bagamoyo na Kilifi, Kenya, miongoni mwa maeneo mengine. Majaribio ya aina ile huhitaji wauguzi, wafamasia, wataalamu wa maabara na vijana wa pikipiki waendao nyumba kwa nyumba. Mwanafunzi wa uuguzi au wa maabara asijione mgeni humu.

Nirudi kwenye lile swali langu la mlangoni, maana wapo wanaolijibu. Tuseme mwanafunzi ameona kliniki ya selimundu kwamba mama anasema dawa ya mtoto iliisha tangu mwezi uliopita. Mtoto wa chini ya miaka 5 mwenye selimundu hupaswa kunywa penisilini mara mbili kila siku, imkinge na maambukizi yanayoua haraka. Kwa nini iishe? Hapo hahitaji mashine wala ruzuku kutoka ng'ambo. Anahitaji kibali, msimamizi, rejesta ya dawa na daftari la miadi. Upande mmoja aandike vidonge vilivyotolewa vinatosha siku ngapi. Upande wa pili, siku hadi miadi inayofuata. Pengo kati ya safu hizo mbili ndilo jibu lake, na litampa kazi ya miezi mitatu.

Akimaliza, ninamtaka kabla ya kongamano lolote arudi pale kliniki na karatasi moja, amwonyeshe muuguzi ambaye kwa miaka amekuwa akiijaza rejesta hiyo kwa mkono na hajawahi kuulizwa chochote kuhusu kilichomo. Akae naye, wapitie pamoja safu kwa safu. Muuguzi huyo ndiye anayeweza kuchukua rula kesho yake asubuhi, akapiga mstari mmoja zaidi kwenye daftari, na juu yake akaandika: dawa itaisha lini.