Seli B inapoikata DNA yake yenyewe

Wanafunzi wa tiba hapa Bukavu wakisikia kwamba seli B changa, yaani seli ya kinga itakayotengeneza kingamwili, huikata DNA yake yenyewe, huniuliza: mwalimu, mbona haifi wala haigeuki kansa? Swali hilo nalipenda kuliko kukariri majina ya jeni. Seli hukata ili kupanga upya vipande vya jeni za kingamwili, na upangaji huo Susumu Tonegawa alikwisha kuuonyesha mwaka 1976 akiwa Basel, Uswisi, akapata Nobel mwaka 1987. Kinachonivuta mimi ni jinsi seli inavyojizuia.

Zinazokata ni proteini mbili, RAG1 na RAG2. Hutafuta alama maalumu kando ya kila kipande, na hushika vizuri pale tu DNA ilipofunguka na jeni inasomwa. Kingamwili huundwa kwa minyororo ya aina mbili, mzito na mwepesi. Ndani ya uboho, jeni ya mnyororo mzito hutangulia: kipande cha aina ya D huungana na cha aina ya J, kisha cha aina ya V hufuata. Takribani maungo mawili kati ya matatu huharibu mpangilio wa herufi za DNA, jeni isisomeke sawasawa, na hapo seli hujaribu kromosomu ya pili.

Kromosomu zote mbili zikikatwa kwa wakati mmoja, ncha zaweza kuunganishwa ovyo. Kwa panya imeonekana kwamba nakala moja ikikatwa, ATM, proteini inayopiga mbiu DNA ikivunjika, husababisha nakala ya pili isogezwe penye DNA iliyofungwa, isiguswe kwanza.

Mnyororo mzito ukifaulu, hutokeza juu ya seli pamoja na mnyororo mwepesi wa muda. Ishara yake huzima jeni za RAG na kuifanya seli igawanyike mara kadhaa. Tena, kila seli inapoanza kunakili DNA, RAG2 hutiwa fosfati na kuvunjwavunjwa. Hapa huwa nawasimamisha wanafunzi, maana kukata DNA inayonakiliwa ni hatari kubwa mno. Mgawanyiko ukiisha, RAG hurudi kuunda mnyororo mwepesi, kwa kawaida wa aina ya kappa kwanza, wa lambda baadaye. Kingamwili ikionekana kuushambulia mwili, seli huweza kuubadilisha mnyororo huo mwepesi.

Na kansa? Ndiyo, hutokea. Katika limfoma ya folikuli, kansa mojawapo ya seli B, jeni BCL2 ya kromosomu 18, inayozuia seli kufa, huwa imebandikwa kando ya jeni ya mnyororo mzito, kwenye kromosomu 14, na seli iliyopaswa kufa haifi. Ila watu wazima wengi wenye afya wana seli chache zenye kosa hilohilo katika damu yao, na hawaugui. Ugonjwa huhitaji makosa mengine juu yake.