Damu ikimwagika nje, ndani ni salama?

Abiria akianguka kwenye bodaboda na kuumia kichwa, Kampala au Mbale nchini Uganda, utasikia: "Afadhali damu imetoka nje, haikuvujia ndani." Si kweli. Damu ya nje na ya ndani hutoka kwenye mishipa tofauti kabisa.

Ngozi ya kichwa huvuja sana kwa sababu mishipa yake imeshikwa na nyuzi ngumu zinazoizuia kujibana inapokatika. Jeraha la sentimita 3 laweza kulowesha shati zima huku fuvu halina ufa. Kandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia. Ukihisi mfupa umebonyea, usikandamize hapo, funika tu.

Pa kuogopa ni kwenye panja, kati ya jicho na sikio. Hapo fuvu ni jembamba, na kati yake na utando mgumu wa ubongo hupita ateri. Mfupa ukipasuka na ateri ikachanika, damu huubandua utando na kuubana ubongo, wakati ngozi pengine haina hata mchubuko. Majeruhi anaweza kuzinduka, akaongea, hata akalipa nauli; saa chache baadaye anatapika, anasinzia, mboni moja inapanuka. Huyo hapelekwi nyumbani "alale kidogo". Awahishwe hospitali yenye kipimo cha CT, yaani picha za ndani ya kichwa, kama Mulago ya Kampala, usiku huohuo.