Je, Wajua Kwa Nini Gari Lilelile la Umeme Huchajiwa kwa Nusu Saa Hapa na Usiku Kucha Pale?

Mtu anayefikiria kukodi gari dogo la umeme kwa mkataba wa miaka miwili au mitatu hukutana mapema na takwimu zinazoonekana kupingana. Maelezo ya gari husema kwamba betri hutoka asilimia 20 hadi asilimia 80 kwa takriban dakika 30, kisha mistari michache baadaye husema kwamba kazi hiyohiyo inaweza kuchukua saa 12. Kauli zote mbili ni za kweli. Tofauti inatokana na mahali umeme unapotoka, na njia unayopita kabla ya kufika kwenye betri. Linalostahili kujulikana zaidi ni kwamba ndani ya mkataba wenyewe wa kukodi kuna namba moja, yaani ukomo wa kilomita kwa mwaka, ambayo ikisomwa vizuri humwonyesha anayekodi ni chaja ya namna gani anayoihitaji hasa. Watu wengi huitazama namba hiyo kwa hofu ya faini tu, nami naona wanapitwa na taarifa yenye thamani kubwa.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa si ngumu. Uniti moja ya umeme, ile inayosomwa kwenye mita ya nyumbani, ndiyo kilowati-saa moja: kifaa cha kilowati moja kikiwashwa kwa saa moja hutumia uniti moja. Ukubwa wa betri hupimwa kwa uniti hizo, ilhali nguvu ya chaja hupimwa kwa kilowati, na muda wa kuchaji hupatikana kwa kugawanya uniti kwa kilowati. Tuchukue gari lenye betri ya uniti 40, ukubwa ambao ni wa kawaida kwa magari madogo ya milango mitano. Kulitoa asilimia 20 hadi asilimia 80 kunahitaji uniti 24 ndani ya betri, lakini mita itahesabu kama 27, kwa sababu sehemu moja kwa kumi au zaidi kidogo hupotea njiani kama joto. Soketi ya kawaida ya ukutani yenye volti 230 ikitoa ampea 10 hutoa kilowati 2.3, kwa hiyo uniti 27 zitachukua karibu saa 12. Chaja ya ukutani ya ampea 32 hutoa kilowati 7.4, na kazi hiyo huisha kabla ya saa nne kutimia. Umeme wa njia tatu wenye ampea 16 kwa kila njia hutoa kilowati 11, na muda hushuka hadi saa mbili na nusu. Kituo cha chaji ya haraka kikitoa wastani wa kilowati 50 hukamilisha kazi hiyo katika nusu saa.

Hesabu hiyo, hata hivyo, ina sharti ambalo wauzaji hawalitaji kila mara: gari lazima liwe na uwezo wa kupokea kile linachopewa. Umeme wa majumbani ni wa mkondo geu, yaani hubadili mwelekeo mara 100 au 120 kwa sekunde, ilhali betri hupokea mkondo mnyoofu tu. Kwa hiyo ndani ya kila gari la umeme kuna kifaa cha kuugeuza, ambacho ndicho chaja halisi. Kile kisanduku cha ukutani tunachokiita chaja ni swichi yenye akili na vifaa vya usalama, na hakigeuzi chochote. Kifaa hicho cha ndani kina kikomo chake. Kikiwa cha kilowati 7.4, gari halitazidisha kiwango hicho hata likiunganishwa kwenye kisanduku cha kilowati 22, na anayelipia kisanduku kikubwa kwa matumaini ya kuharakisha mambo amelipia uwezo ambao gari lake haliwezi kuutumia. Kituo cha haraka kinafanya kazi kwa namna nyingine kabisa: kifaa cha kugeuza mkondo kimo ndani ya kituo chenyewe, mara nyingi kwenye kabati refu kuliko mtu, na umeme mnyoofu huingia moja kwa moja kwenye betri bila kupitia kile kifaa kidogo cha garini. Renault Zoe, iliyozinduliwa mwaka 2012, ilikuwa tofauti na wenzake, kwa kuwa matoleo yake ya kwanza yalitumia sehemu za mota yenyewe kugeuza mkondo na hivyo yaliweza kupokea hadi kilowati 43 za mkondo geu. Lakini ubunifu huo haukuenea katika magari madogo yaliyofuata.

Ukitaka kujua kama gari ulilooneshwa linaweza kuchajiwa kwenye kituo cha haraka, fungua kifuniko cha mahali pa kuchajia kabla hujafungua mkataba. Katika mfumo unaotumiwa Ulaya na katika nchi nyingine nyingi, utaona duara lenye matundu saba madogo, ambalo ni la mkondo geu, na chini yake matundu mawili makubwa, ambayo ni ya mkondo mnyoofu. Yale mawili ya chini yakikosekana, au nafasi yake ikiwa imezibwa kwa plastiki, gari hilo halichajiwi kwenye kituo cha haraka cha mfumo huo. Jambo hili si la kufikirika. Zoe iliyoboreshwa mwaka 2019 ilikuwa na chaji ya haraka kama nyongeza ya kulipia, na Dacia Spring nayo imewahi kuuzwa hivyo, kwa hiyo magari mawili yanayofanana kwa rangi na umbo yanaweza kutofautiana kabisa siku ya safari ndefu. Anayenunua gari anaweza kuliuza akijutia uchaguzi wake. Anayekodi atabaki nalo hadi mkataba uishe au alipe gharama ya kuuvunja, na nyongeza ya namna hiyo kwa kawaida haifungwi baada ya gari kutoka kiwandani.

Hata kebo ina neno lake. Kebo inayobebwa kwenye buti, inayounganisha gari na kisanduku cha hadharani, ina rezista ndogo ndani ya plagi yake ambayo kazi yake ni kueleza kebo hiyo inastahimili mkondo kiasi gani: ukinzani wa omu 680 humaanisha ampea 20, na omu 220 humaanisha ampea 32. Kisanduku huusoma ukinzani huo, kisha hulijulisha gari kiasi kinachoruhusiwa, na gari huchukua kiasi hicho au pungufu. Ndiyo maana mtu mwenye gari la kilowati 7.4, aliyesimama kwenye kisanduku cha kilowati 7.4, anaweza kupata kilowati 4.6 tu na kudhani kituo ni kibovu, kumbe kebo aliyopewa pamoja na gari ni ya ampea 20. Katika mnyororo huu wote, kiungo chenye uwezo mdogo kuliko vingine ndicho kinachoamua.

Sasa tuje kwenye asilimia 80, ambayo huwatatiza wengi. Kwa nini maelezo hayasemi inachukua dakika ngapi kufika asilimia 100? Wakati wa kuchaji, ioni za lithiamu huondoka upande mmoja wa betri, husafiri ndani ya kimiminika, na kujipenyeza kati ya matabaka ya grafiti yaliyo upande wa pili. Matabaka yakiwa matupu, ioni huingia kwa wingi bila shida. Yanapokaribia kujaa, kila ioni mpya huhitaji muda zaidi kupata nafasi, kama gunia la nafaka ambalo madebe ya kwanza humiminwa kwa kasi ilhali la mwisho hushindiliwa kidogokidogo. Mkondo ukilazimishwa wakati huo, lithiamu hujikusanya juu ya grafiti kama utando wa metali badala ya kuingia ndani, na utando huo hupunguza uwezo wa betri kwa kudumu, na hali ikizidi unaweza hata kusababisha hitilafu ya hatari. Kwa hiyo kompyuta inayosimamia betri huanza kupunguza mkondo mapema. Ukisimama mbele ya kioo cha kituo cha haraka utaiona namba ya kilowati ikipanda ndani ya dakika ya kwanza, ikikaa juu kwa muda, kisha ikishuka hatua kwa hatua kadiri asilimia zinavyoongezeka, na kuna magari madogo ambayo zile asilimia 20 za mwisho huchukua muda unaokaribia ule wa asilimia 60 zilizotangulia. Kusubiri hapo huku mwingine akingoja zamu yake hakumfaidii mtu yeyote.

Halijoto nayo ina nguvu kubwa. Betri ikiwa baridi sana, ioni hutembea polepole, na utando ule wa metali hujitokeza kwa urahisi zaidi, kwa hiyo mkondo hupunguzwa hata kama betri ni tupu. Ikiwa moto kupita kiasi, mkondo hupunguzwa pia ili isichakae. Magari mengi ya leo yana kimiminika kinachozunguka kuipoza au kuipasha betri moto, lakini si yote: vizazi viwili vya kwanza vya Nissan Leaf, iliyoanza kuuzwa mwaka 2010, vilitegemea hewa pekee, na madereva waliochaji haraka mara kadhaa katika safari moja waliona kila kituo kikichukua muda mrefu kuliko kilichotangulia. Anayekodi gari lililokwisha kutumika aulize swali hili moja kwa moja, yaani betri inapozwa kwa njia gani, kwa sababu jibu lake halionekani popote kwenye bodi la gari.

Hapa ndipo mkataba unapoingia. Malipo ya kila mwezi ya gari la kukodi hutokana kwa sehemu kubwa na tofauti kati ya bei yake likiwa jipya na thamani inayokadiriwa kubaki siku ya kulirudisha, tofauti hiyo ikigawanywa kwa miezi ya mkataba na kuongezewa riba. Magari ya umeme hubadilika haraka, na thamani yatakayokuwa nayo baada ya miaka mitatu ni vigumu kuitabiri. Katika mkataba wa kukodi, mzigo wa utabiri huo hubebwa na kampuni inayokodisha. Mpangilio huu una historia. General Motors ilipotoa gari lake la umeme la EV1 mwaka 1996, halikuuzwa kwa wateja, lilikodishwa tu, na Renault kwa miaka kadhaa iliwauzia watu gari la Zoe huku ikiwakodisha betri peke yake, ili hofu ya kuchakaa kwa betri isibaki kwa mnunuzi. Kampuni nayo hujilinda kwa kuweka ukomo wa kilomita, kwa maana kila kilomita hupunguza thamani.

Tuichukue basi namba hiyo. Mkataba wa kilomita 15,000 kwa mwaka ni sawa na kilomita 41 kwa siku. Gari dogo la umeme hutumia takriban uniti 15 kwa kilomita 100, zaidi kidogo kwenye baridi au katika mwendo wa barabara kuu, kwa hiyo siku ya kawaida huhitaji kama uniti sita, na mita itahesabu saba. Soketi ya kilowati 2.3 huzitoa kwa saa tatu. Hata mkataba wa kilomita 30,000, ambao ni mkubwa, unahitaji saa sita tu za usiku. Zile saa 12 zilizotutisha mwanzoni zinamhusu mtu anayengoja betri iishe ndipo achaji, jambo ambalo mwenye maegesho yenye umeme hana sababu ya kulifanya. Kwa mtu huyo, kasi ya kituo cha haraka ni suala la safari chache za mwaka, na sioni busara ya kulipa zaidi kila mwezi kwa ajili yake. Linalomhusu ni soketi yenyewe, kwa kuwa soketi nyingi hazikuundwa kubeba ampea 10 kwa saa nyingi mfululizo: fundi umeme aliyesomea kazi aikague pamoja na nyaya zake, na waya wa kurefushia usitumike kabisa.

Asiye na mahali pa kuchajia usiku yuko katika hali tofauti. Kwake, kila uniti itatoka kwenye kituo cha hadharani, kwa kawaida kwa bei ya juu kuliko ya nyumbani. Huyu ndiye anayepaswa kusoma kwa makini jinsi gari linavyochaji haraka, na asiridhike na ile kilowati ya juu kabisa inayotangazwa, ambayo huenda ikadumu dakika chache tu. Aulize muda wa kutoka asilimia 10 hadi 80, kisha aupime na ratiba yake ya wiki. Akiona hawezi kuzipata dakika hizo mara moja au mbili kila wiki bila kuvuruga kazi zake, ni bora aahirishe kukodi kuliko kujifunga kwa miaka mitatu.

Kabla ya kutia saini kuna mambo machache ya kuandikwa wazi. Dhamana ya betri, ambayo kwa watengenezaji wengi ni miaka 8 au kilomita 160,000 kwa sharti kwamba uwezo usishuke chini ya asilimia 70, ionyeshe nani atakayeidai ikiwa betri itafifia katikati ya mkataba, wewe au mwenye gari. Maelekezo ya kuchaji yafuatwe kama yalivyoandikwa, kwani hayafanani kwa betri zote: zenye nikeli hupendelea kusimamishwa kwenye asilimia 80 katika matumizi ya kila siku, ilhali zile za chuma na fosfeti mara nyingi hutakiwa kujazwa kabisa mara kwa mara ili kompyuta isipoteze hesabu ya kiasi kilichomo. Kebo zilizokuja na gari ziorodheshwe kwa ampea zake, maana zitahesabiwa siku ya kurudisha na hazina bei ndogo. Kisanduku cha ukutani, ikiwa utakifunga kwa gharama yako, kibaki nje ya mkataba. Cha kilowati 7.4 kitalihudumia gari lijalo lenye plagi hiyohiyo, hata kama litatoka kwa kampuni nyingine na lina betri mara mbili ya hii.