Uvimbe wa mpakani wa ovari: unatibiwaje, na mgonjwa anaishia wapi

Protokole ya anapati (ripoti ya laboratuari inayochunguza nyama iliyokatwa) huku Lubumbashi huja kwa Kifaransa, na neno "bodalaini", yaani uvimbe wa mpakani, limejificha katikati ya mistari. Mama aliyepasuliwa majuma machache nyuma anataka kujua jambo moja tu: ni kansa, ao si kansa? Munganga akimjibu kwamba iko katikati, habari ikifika nyumbani, mtaani Katuba, imeshageuka kuwa "kansa imeanza". Kuanzia hapo ndugu wanatafuta pesa ya kimio (dawa kali za kuua seli za saratani), na mwingine anashauri kizazi kiondolewe chote, mara moja, biashara iishe. Yote mawili huenda hayahitajiki.

Ovari imefunikwa na tabaka jembamba la seli. Uvimbe unaotokana na tabaka hilo huwekwa katika mafungu matatu: wa kawaida usio na madhara makubwa, saratani, na huu wa mpakani, ambao ni kama 10 hadi 20 katika kila 100. Chini ya hadubini seli zake zinazaana kupita kiasi, zimerundikana, na viini vyake vimeanza kubadilika sura. Lakini hazichimbi. Zinabaki juu, hazitoboi kuingia katika nyama ya ovari iliyo chini yake, na kuchimba huko ndiko kunakoitambulisha saratani. Daktari Mmarekani Howard Taylor alieleza vivimbe hivi mwaka 1929, baada ya kuona wagonjwa ambao uvimbe wao ulionekana mbaya lakini wenyewe waliendelea kuishi. Shirika la Afya Duniani lilivipa fungu lake katika orodha yake mwaka 1973.

Watu wa huku wakisikia mpaka wanawaza Kasumbalesa, kwenye mpaka wa Zambia, foleni ya malori yakingoja zamu ya kuvuka. Kwa ugonjwa huu picha hiyo inadanganya. Uvimbe mwingi wa namna hii hauko kwenye foleni. Umeegeshwa hapo, na hautavuka.

Karibu theluthi moja ya wanaoupata hawajafika miaka 40, na wengi wao bado wanataka kuzaa. Tumbo hujaa, au kiuno na chini ya kitovu huuma. Wengine hawasikii kitu mpaka ekografi (ultrasaundi) ya mimba ionyeshe kisti, yaani kifuko cha maji, yenye vinyama ndani. Ekografi hiyo hutia shaka, haithibitishi. Kipimo cha damu cha CA-125 nacho hupanda kwa sababu nyingi: mimba, maambukizo ya nyonga, hata kifua kikuu cha tumboni, na kifua kikuu si kigeni kwetu. Kwa hiyo tarakimu ya CA-125 peke yake isimtoe mtu machozi.

Jibu la kweli linatoka kwenye nyama iliyokatwa, na hapa ndipo ningependa familia zing'ang'anie. Uvimbe ukitolewa, usitupwe, na usikatwe kipande kidogo tu cha kupeleka. Upelekwe wote, ndani ya formalini ya kutosha (kiasi cha mara kumi ya ukubwa wa nyama yenyewe), kwenye chombo chenye mdomo mpana, jina la mgonjwa likiwa limeandikwa kwenye chombo, si kwenye kifuniko, kwa maana vifuniko hubadilishana. Mara nyingi anayebeba chombo hicho hadi laboratuari ni mume au dada wa mgonjwa, kwa hiyo maelezo haya ni yake pia. Msomaji wa anapati atachukua walau kipande kimoja kwa kila sentimita ya upana wa uvimbe, na zaidi kwa ule mkubwa wenye ute mzito, maana kona moja inaweza kuwa ya kawaida, nyingine ya mpakani, na ya tatu saratani kamili. Kipande kimoja hakiwezi kueleza uvimbe wa sentimita 20.

Aina mbili ndizo zinazoonekana zaidi. Ule wa majimaji hushika ovari zote mbili kwa robo hivi ya wagonjwa au kuzidi kidogo, na unaweza kumwaga vipande vidogo kwenye utando wa ndani ya tumbo. Ule wa ute huwa mkubwa na wa upande mmoja. Mpasuaji lazima aangalie pia kidole tumbo (apendiksi), kwa kuwa uvimbe uliotoka kwenye utumbo unaweza kujifanya wa ovari.

Tiba ni kisu. Kwa mama aliyemaliza kuzaa, huondolewa ovari zote mbili na mirija, mara nyingi na kizazi, kisha mpasuaji hukagua tumbo lote, huchukua maji ya kuosha tumbo na kipande cha utando wa mafuta unaofunika matumbo. Tezi za limfu hazina haja ya kuondolewa kwa desturi. Kwa anayetaka watoto, inawezekana kuondoa ovari moja na mrija wake, au kung'oa uvimbe tu na kuacha ovari. Bei ya uchaguzi huo ielezwe wazi. Ukiondolewa uvimbe peke yake, hurudi kwa wengi, hata 30 katika 100 au kuzidi. Ovari nzima ya upande mmoja ikitolewa, kurudi hushuka, kwa kawaida hakupiti 20. Zikitolewa zote, ni kama 5 tu. Lakini unaporudi kwenye ovari iliyobaki, karibu kila mara unarudi ukiwa wa mpakani vilevile, unatolewa tena, na maisha hayafupiki. Wanaogeuka kuwa na saratani ni wachache, kama 2 hadi 4 katika 100. Kumwondolea msichana wa miaka 26 ovari zote mbili kwa hofu tu ni kumpa ukomo wa hedhi na utasa bila kumwongezea maisha.

Kimio haijaonyesha faida kwa uvimbe huu. Vipande vilivyosambaa tumboni vikikutwa navyo vinachimba, hesabu inabadilika: tangu 2014 vinahesabiwa kuwa saratani ya daraja la chini, na mgonjwa hutibiwa hivyo. Wale ambao uvimbe haujatoka kwenye ovari, ambao ndio robo tatu hivi, zaidi ya 95 katika 100 wako hai baada ya miaka mitano.

Tatizo ni kwamba uvimbe huu una subira. Unaweza kurudi baada ya miaka kumi, hata kumi na mitano, wakati mgonjwa ameshasahau. Kwa aliyebakiziwa ovari, ekografi hufanywa kila miezi mitatu hadi sita miaka ya mwanzo, baadaye mara moja kwa mwaka. Akihamia Kolwezi au Likasi, aende na nakala ya protokole ya upasuaji na ya anapati, pamoja na namba ya bloku (kipande cha nyama kilichohifadhiwa) ya laboratuari. Munganga wa huko akikuta kisti mpya bila karatasi hizo, ataiona ya kawaida na kumwambia asubiri hedhi mbili.