Nundu, Shimo na Selimundu

Hapa Mtwara kina mama huja na swali lile lile: "Mbona mwanangu alizaliwa mzima, kanyonya vizuri miezi yote hiyo, ndipo vidole vikavimba?" Majirani huwa wameshatoa majibu yao, mengine ya kumsingizia bibi wa watu. Sisi wa maabara tunamwambia mama kuwa ni ugonjwa wa selimundu, na aangalie umbo la protini.

Himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, ina minyororo minne: miwili ya alfa, miwili ya beta. Beta moja ina asidi amino, yaani vipande vinavyojenga protini, 146. Kwenye selimundu, au sikoseli kama wengi tunavyoiita, iliyobadilika ni moja tu, ya sita. Mwanasayansi Vernon Ingram alilibaini hilo Cambridge, Uingereza, kati ya 1956 na 1957. Palipokuwa na asidi ya glutamiki, inayopenda maji, pamekaa valini, yenye tabia ya mafuta. Mtoto hurithi hali hiyo kwa baba na mama, wote wawili.

Uso wa protini una nundu na mabonde. Fikiria bao: kete hutulia shimoni, ukingoni huteleza. Protini hushikana pale nundu ya moja inapopata shimo la nyingine linaloitosha, na tabia zao zikubaliane. Umeona matone ya mafuta kwenye mchuzi yanavyokimbiliana? Valini nayo hutafuta mwenzake wa kuyakimbia maji.

Shimo la kuipokea lipo kwenye beta ya himoglobini jirani. Mimi ninalo, nawe unalo. Halitudhuru kwa kuwa hatuna kete ya kulijaza. Tena, himoglobini ikibeba oksijeni shimo hujibana. Ikiiachia, umbo hubadilika na shimo hukaa wazi. Hapo valini huingia, jirani naye humshika wa pili yake, mpaka zinasokotwa kamba ngumu za nyuzi 14, na chembe ya damu iliyokuwa mviringo inapinda kama mundu na kukwama kwenye mishipa midogo, kama ya vidole. Mwili ukipungukiwa maji, himoglobini husongamana na kamba husokotwa upesi zaidi. Ndiyo maana joto la Novemba likianza tunawasumbua wazazi kwa habari ya maji ya kunywa.

Na yule mtoto? Tangu tumboni ana himoglobini yenye mnyororo mwingine, gama, mahali pa beta. Gama haina valini hiyo, na uso wake hauingii vizuri kwenye kamba. Akishazaliwa gama hupungua, beta hushika nafasi, na karibu na mwezi wa sita maumivu huanza kujitokeza.

Dawa ya haidroksiyurea hurudisha sehemu ya ile himoglobini ya utotoni. Valini haiigusi, inaongeza tu majirani wasioshikika. Lakini inaweza kupunguza chembe za damu kupita kiasi, kwa hiyo tunazipima mara kwa mara, na mama yule yule anatuuliza damu yote hiyo ya mwanawe tunaipeleka wapi.